Mashua ya Kuwindia Bata na Injini Yake

Kila mwaka, majira ya baridi yanapokaribia, bata wa mwitu huondoka katika nchi ya Canada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, wakaruka kwenda kusini kutafuta maji yasiyoganda. Njiani hutua katika vinamasi, mabwawa na ghuba zenye maji haba, na huko ndiko wawindaji huwangojea. Lakini bata ni ndege mwenye macho makali. Akiona kitu kirefu kimesimama juu ya maji, au kitu king'aacho, hugeuka na kwenda zake kabla mtu hajainua bunduki. Kwa sababu hiyo wawindaji wa Marekani wana mashua ya namna ya peke yake, na wengi wao hawainunui dukani, bali huiunda wenyewe nyuma ya nyumba, pamoja na injini yake.

Kazi hiyo haimshindi mtu ajuaye kutumia msumeno na randa. Ugumu wake uko mahali pengine. Kila jambo linaloifanya mashua ifichike vizuri ndilo hilo hilo linaloifanya iwe ya hatari. Ikiwa fupi kwa kimo, bata haioni, lakini wimbi huingia upesi. Ikiwa nyepesi, mtu mmoja aweza kuiburuta juu ya tope, lakini hupinduka upesi pia. Mwenye kuiunda hana budi kupima kati ya mambo hayo mawili tangu ubao wa kwanza.

Mashua iliyo mashuhuri kupita zote za namna hii ilitoka katika ghuba ya Barnegat, jimbo la New Jersey. Mwaka 1836 mwunda mashua wa kijiji cha West Creek, jina lake Hazelton Seaman, aliunda chombo cha urefu wa futi 12 hivi na upana wa futi 4, chenye umbo kama la kijiko. Juu alikifunika karibu chote kwa sitaha iliyoinuka katikati kama mgongo wa kobe, akaacha tundu moja tu ambamo mwindaji huketi au kujilaza. Wimbi likipanda juu ya sitaha hiyo huteremka tena baharini badala ya kumwingilia mtu. Mwindaji hutandaza majani makavu juu yake, na kwa mbali chombo huonekana kama kichaka kidogo cha nyasi za pwani. Watu wakakiita sneakbox, yaani sanduku la kunyatia. Wala mtu asidhani kuwa ni chombo cha kuchezea karibu na nchi kavu. Mwaka 1875 msafiri mmoja, Nathaniel Bishop, aliingia katika sneakbox yake huko Pittsburgh, akateremka mto Ohio na mto Mississippi mpaka Ghuba ya Mexico, akaandika kitabu cha safari hiyo kilichochapwa mwaka 1879.

Seaman na wenzake walitumia mbao za mwerezi na mataruma yaliyokunjwa kwa ustadi mwingi. Waunda mashua wa siku hizi hutumia plaiwudi, nayo imerahisisha kazi sana. Plaiwudi inayofaa ni ile ambayo gundi yake haiyeyuki majini. Njia nyepesi ya kuijaribu ni kukata kipande kidogo na kukichemsha katika sufuria muda wa saa nzima. Matabaka yake yakiachana, ubao huo ufanywe kabati, usiende majini.

Tuseme mtu ataka mashua ya futi 12, sakafu yake bapa yenye upana wa futi 3, mbavu zake zikipanuka mpaka futi 4 kwa juu, na kimo cha inchi 14. Plaiwudi huuzwa kwa urefu wa futi 8, basi lazima vipande viungwe. Ncha mbili hurandwa kwa mshazari, zikalaliana na kugandishwa kwa gundi. Mshazari huo uwe na urefu mara nane ya unene wa ubao. Kwa ubao wa robo inchi, ni inchi 2. Ukiwa mfupi kuliko huo, kiungo huvunjika mahali mashua inapopindwa.

Kisha sakafu, mbavu na ubao wa shetri hushonwa. Neno hilo ni la kweli kabisa: kando ya kila ubao hutobolewa matundu madogo, zikapitishwa nyuzi za shaba na kukazwa mpaka mbao zikutane. Baada ya hapo ndani ya pembe hujazwa gundi ya epoksi iliyochanganywa na unga wa mbao, na juu yake hubandikwa utepe wa nyuzi za kioo. Gundi ikikauka, nyuzi za shaba hukatwa, na chombo kinasimama bila msumari. Njia hii ilienea duniani tangu mwaka 1963, Waingereza walipoanza kuuza vipande vya mashua ndogo iitwayo Mirror ili kila mtu ajiundie nyumbani. Wazee wa Lamu wangaliweza kutabasamu waliposikia habari hizo, kwa maana mitepe yao ilishonwa kwa kamba za makumbi karne nyingi kabla Waingereza hawajafikiri jambo hilo.

Ubao wa shetri hautoshi kuwa wa robo inchi. Ndio utakaobeba injini, basi hufanywa wa inchi moja na nusu, na kutiwa viwiko vya mbao vinavyoushika kwenye sakafu. Omo huinuliwa kidogo ili mashua ipande juu ya matete badala ya kuyachoma. Upande wa mbele hufunikwa kwa sitaha kama alivyofanya Seaman, na kuzunguka tundu la kukalia hutiwa kizuizi cha ubao cha inchi mbili tatu. Wako watu waachao sitaha ili kuokoa ubao mmoja na siku mbili za kazi. Hiyo ni hesabu mbaya.

Rangi huwa ya majani yaliyokufa, isiyong'aa hata kidogo. Wengine hutia mchanga laini ndani ya rangi, nao hufaa pia kuzuia miguu isiteleze.

Sasa tufike kwenye uzito, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Sehemu ya sakafu inayogusa maji, omo likiwa limeinuka, ni futi 10 kwa futi 3 hivi. Futi moja ya ujazo ya maji baridi ina uzito wa ratili 62 na kidogo. Kwa hiyo kila ratili 156 zinazopakiwa huizamisha mashua hiyo inchi moja. Mashua yenyewe ina ratili 120, injini na mkia wake 75, mtu na nguo zake nzito 190, mbwa wa kuokota ndege 60, na bunduki, petroli na bata wa bandia 80. Jumla ni ratili 525, na mashua itazama inchi 3 na theluthi. Kati ya kimo cha inchi 14 zasalia 10 na zaidi. Akiingia mtu wa pili, zasalia 9. Hesabu hiyo ni nzuri katika karatasi. Lakini injini iko shetri, na mwenye kuiendesha yuko shetri vile vile, basi shetri huzama zaidi sana na omo huinuka. Mtu akigeuka ghafula, au mbwa akiruka kumfuata ndege, ubavu mmoja hushuka karibu na maji. Walinzi wa Pwani wa Marekani wana kanuni ya mashua ndogo zisizo na kibao cha kiwandani: zidisha urefu kwa upana kwa futi, kisha gawanya kwa 15, upate hesabu ya watu. Kwa mashua hii jibu ni watatu. Kanuni hiyo ni ya siku ya shwari, na kwa chombo kifupi namna hii watu wawili ndio mwisho, na mmoja na mbwa wake ni bora.

Injini ni habari nyingine. Injini ya kawaida ya mashua hupozwa kwa maji inayoyavuta kutoka chini. Katika kinamasi huvuta tope, njia zake zikaziba, na baada ya dakika chache imeungua. Watu wa Thailand ndio waliojulikana sana kwa dawa ya shida hiyo: walichukua injini inayopozwa kwa upepo, wakaifunga juu ya shetri, wakaiunganisha na shafti ndefu iliyo na rafadha mwishoni, yaani chuma chenye mabawa kinachosukuma maji. Katika miaka ya 1970 watu wa Louisiana, ambako vinamasi havina mwisho, walianza kutengeneza na kuuza injini za namna hiyo kwa wawindaji. Rafadha haishuki chini wima, bali hukaa nyuma, mbali na mashua, karibu na uso wa maji. Ikigonga kisiki huinuka na kukiruka.

Anayejitengenezea hutafuta injini ya nguvu za farasi 5 au 6, ya aina ile inayoendesha pampu ya maji, ambayo shafti yake imelala. Mkia ni bomba la chuma la urefu wa futi 5 au 6, na ndani yake huzunguka shafti ya chuma kigumu. Shafti ndefu ikizunguka mara 3,600 kwa dakika bila kushikwa katikati hutikisika kama kamba, ikavunja kila kitu. Basi hutiwa bushi mahali kadha ndani ya bomba, na mwisho wake huzibwa na kujazwa grisi ili tope lisiingie. Chini ya rafadha huchomelewa kipande cha chuma kama pezi la samaki, ndicho kigongwe na visiki badala ya rafadha.

Kosa linaloharibu injini nyingi za nyumbani halionekani kwa macho. Rafadha inapoisukuma mashua mbele, huisukuma kwanza shafti yake mwenyewe, na shafti huisukuma ile ya ndani ya injini. Injini ya pampu haikutengenezwa kuvumilia msukumo huo. Lazima iwepo beringi ya kupokea msukumo na kuupeleka kwenye bomba na fremu, la sivyo injini itakufa katika msimu mmoja. Tena fremu ipangwe ili injini isiiname sana inapofanya kazi, kwa kuwa oili ikikimbilia upande mmoja vyuma husagana vikavu. Na mwendeshaji afungwe kamba ya kuzimia injini kiunoni. Mkia ulioinuliwa nje ya maji huku unazunguka hukata kila kilicho karibu nao.

Sheria za Marekani nazo zimegusa chombo hiki. Mashua yenye injini lazima iandikishwe, hata ikiwa imeundwa nyumbani. Mwindaji wa miaka 16 au zaidi hununua kila mwaka stempu ya bata, iliyoanzishwa mwaka 1934 kwa dola moja na ambayo sasa ni dola 25, na fedha zake hutumika kununua na kuhifadhi vinamasi. Marisau ya risasi yalikatazwa nchini kote mwaka 1991 kwa kuwa bata huyameza na kufa kwa sumu. Na hakuna ruhusa kupiga ndege kutoka mashua inayokwenda kwa injini. Injini izimwe kwanza, na mwendo uishe.

Sheria haiwezi kuzuia hali ya hewa. Tarehe 11 Novemba 1940 ilikuwa sikukuu, na asubuhi yake ilikuwa ya vuguvugu. Katika Minnesota na majimbo jirani watu wengi walikwenda mto Mississippi kuwinda, wamevaa nguo nyepesi. Bata walikuja kwa maelfu, nao wawindaji wakafurahi, wasijue kwamba bata hao walikuwa wakikimbia. Baadaye siku hiyo hiyo upepo mkali ukavuma, joto likaanguka, na theluji ikaanza. Waliokuwa katika visiwa vya mto hawakuweza kurudi, maana mashua zao fupi zilijaa maji katika mawimbi. Wengine walizama, na wengine waliganda wamekaa chini ya mashua walizozipindua kujikinga. Dhoruba hiyo iliua zaidi ya watu 140 katika majimbo yale, na wengi kati yao walikuwa wawindaji wa bata.

Ndiyo sababu mwundaji mwangalifu hatii rangi ya mwisho kabla ya kuweka povu gumu la kuelea, futi 3 au 4 za ujazo, ambalo kila futi hubeba ratili 60 hivi. Huliweka omo na shetri, na juu kando ya mbavu, kwa maana likiwekwa sakafuni mashua iliyojaa maji hupinduka. Povu la bei rahisi huyeyuka likiguswa na petroli, basi lifunikwe vizuri. Kisha, wakati wa joto, miezi kabla ya msimu, huipeleka mashua mahali maji yafikapo kifuani, akiwa na injini yake na mzigo wa mawe badala ya vyombo. Huijaza maji kwa ndoo mpaka juu, hupanda akiwa amevaa koti la kuelea na viatu vyake virefu vya mpira, na kutazama kama itabaki wima na kumbeba mpaka aifikie nchi kavu kwa upondo. Isipombeba, huirudisha nyumbani na kuongeza povu.