Seli Shina: Zimetoka Wapi, na Nani Amelipa?

Mwezi uliopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri nje ya sakristia. Mwanawe wa miaka tisa anaugua selimundu, na daktari alikuwa amemweleza juu ya kupandikiza uloto, tiba inayotumia seli shina. "Padre," aliniuliza, "nimesikia Kanisa limekataza seli shina. Nikikubali, nitakuwa nimetenda dhambi?" Alikuwa karibu kukataa. Nilishtuka kuona jinsi fundisho lililosikika nusunusu linavyoweza kumnyima mtoto tiba, na ndiyo sababu ninaandika hapa kwa kirefu kuliko nilivyoweza kusema pale mlangoni.

Seli shina ni seli ambazo bado hazijafungwa na kazi moja ya mwili; kutokana nazo huzaliwa seli nyingine. Zimo katika uloto, yaani ule ute ulio ndani ya mifupa, na katika damu ya kitovu cha mtoto anapozaliwa. Uloto wa ndugu ukipokewa vema na mwili wa mgonjwa, huanza kutengeneza damu mpya, na aliyeutoa huendelea na maisha yake. Katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, watoto wenye selimundu wamekwisha kupewa tiba hiyo. Kanisa halikuikataza kamwe. Hati Dignitas Personae ya mwaka 2008 inaruhusu wazi kutumia seli zilizochukuliwa kwa mtu mzima au katika damu ya kitovu, mradi mtoaji asipate madhara makubwa.

Kinachokataliwa ni kingine. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walifaulu kupata seli shina kutoka katika viinitete vya binadamu vya siku chache, vilivyotungwa maabara. Ili seli hizo zipatikane, kiinitete hubomolewa. Kwa kuwa Kanisa linafundisha kwamba binadamu anastahili heshima ya mtu tangu kutungwa kwake, hapo hakuna aliyetoa, yupo aliyeuawa.

Suala la fedha ya umma ndilo gumu zaidi. Tangu mwaka 1996 sheria ya bajeti ya Marekani inazuia fedha za serikali kuu kulipia utafiti ambamo viinitete huharibiwa. Tarehe 9 Agosti 2001 Rais George W. Bush alitangaza kwamba serikali itagharimia utafiti wa seli zilizokuwa zimekwisha kupatikana kabla ya siku ile, na si nyingine. Maaskofu wa Marekani waliukataa mpango huo. Mwaka 2004 wapiga kura wa California waliidhinisha dola bilioni 3 za jimbo lao kwa ajili ya utafiti wa seli shina. Machi 2009 Rais Barack Obama aliondoa kikomo cha Bush, huku ile sheria ya bajeti ikibaki. Kwa hiyo serikali kuu hailipi kubomoa kiinitete. Hulipa kutumia kilichobomolewa na mwingine, kwa fedha nyingine.

Nakiri kwamba nikiwa mseminari niliuona mpango wa Bush kuwa njia nzuri ya katikati. Viinitete vile vilikuwa vimekwisha kufa. Kwa nini visimfae mgonjwa? Lakini mnunuzi wa ng'ombe wa wizi naye husema hakuvunja zizi. Dignitas Personae inasema mtafiti anapaswa kukataa malighafi ya namna hiyo hata kama hana uhusiano wowote na aliyetenda uovu, asije akaonekana kuuridhia. Serikali ina jambo la ziada: inakusanya fedha kwa wote, wakiwemo wale ambao dhamiri zao zinakataa. Mlipa kodi hana hatia sawa na mwenye kuamua matumizi, ila ana sauti, na ana wajibu wa kuitumia. (Hati hiyohiyo inakubali kwamba mzazi, kwa sababu nzito ya afya ya mtoto, anaweza kutumia chanjo iliyotokana na seli za asili haramu, huku akidai itafutwe nyingine. Wajibu haulingani kwa wote.)

Tena fedha ya umma inaweza kuelekezwa kwingine. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alizirudisha seli za panya katika hali ya seli shina, na mwaka 2007 akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu, bila kubomoa kiinitete. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2012, na serikali yake imeigharimia kazi hiyo kwa kiasi kikubwa.

Mama yule alikuwa na swali lingine, nami nililiona zito kuliko la kwanza. Mtoaji anayefaa ni kaka wa mgonjwa, mwenye miaka kumi na mmoja. Je, ni halali kumchukulia uloto? Nilimjibu kwamba wazazi wanaweza kuridhia kwa niaba yake, kwa kuwa hatari ni ndogo na uloto hujirudisha. Lakini aelezwe kwa lugha ya umri wake, na asikilizwe akiogopa sindano. Waliahidi kuzungumza naye jioni ile ile, kabla ya kumjibu daktari.