Je, Wajua? Nusu ya Mfupa Wako Ni Protini

Chukua mfupa wa paja la kuku, uusafishe nyama yote, uutumbukize kwenye bilauri ya siki. Uache humo siku nne au tano, ukibadilisha siki mara moja. Ukiutoa, umbo ni lilelile, ila sasa unapinda vidoleni kama mpira. Siki imeyeyusha madini ya kalsiamu. Kilichobaki ni protini iitwayo kolajeni.

Mfupa ni kama nyumba ya udongo. Kolajeni ndiyo fito, kalsiamu na fosforasi ndizo udongo uliokandikwa. Kwa ujazo, karibu nusu ya mfupa ni protini. Fito zikioza, hata ukikandika udongo mpya kila siku, ukuta hausimami.

Tena nyumba hii haiishi kujengwa. Kila mwaka mwili wa mtu mzima hubomoa na kujenga upya takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa yake, na kolajeni iliyobomolewa hairudi yote kazini. Fito mpya lazima zitoke kwenye chakula.

Cha kusikitisha, protini ilisingiziwa kwa miaka mingi. Mwaka 1968 watafiti Wachman na Bernstein waliandika katika jarida la Lancet kwamba nyama huleta asidi mwilini, na mifupa huyeyushwa ili kuipoza asidi hiyo. Ni kweli kwamba ukila protini nyingi, kalsiamu huongezeka kwenye mkojo. Lakini vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo hutoka kwenye chakula, maana protini huusaidia utumbo kuifyonza. Kisha mwaka 2000 ikatoka taarifa ya wazee wa Framingham, Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka minne: waliokula protini kidogo kabisa ndio waliopoteza mfupa mwingi zaidi, kwenye nyonga na uti wa mgongo. Huko Geneva, wazee waliovunjika nyonga walipewa gramu 20 za protini kwa siku kwa miezi sita. Mifupa yao ilipungua kidogo kuliko ya wenzao wasiopewa, na hawakukaa sana wodini.

Sasa tazama anachokula bibi nyumbani. Asubuhi chai na mkate, jioni uji, kwa sababu meno yamekwisha na hamu ya chakula imepungua. Wataalamu wengi humshauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Bibi wa kilo 60 anahitaji walau gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Dagaa, kwa kuwa huliwa na mifupa yao, huleta fito na udongo kwa pamoja.

Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza. Wazee wengine, tafadhali, tuwapondee maharage yalainike, na yai lisikosekane mezani pao.