Je, Wajua? Macho Yanayong'aa Nyasini

Shika tochi usawa wa macho yako, umulike nyasi usiku. Vinukta vya kijani vinavyometameta huenda si umande. Ni macho ya buibui mbwamwitu.

Anayo manane, safu tatu: manne madogo chini, mawili makubwa katikati, mawili ya wastani juu. Ukiuona mpangilio huo, umemtambua. Wengi wao hawatandi utando wa kunasia; mawindo huyavizia na kuyarukia.

Dume au jike? Tazama vigusio viwili vifupi kando ya mdomo. Vya dume aliyekomaa vimevimba nchani kama glovu za bondia. Vya jike ni vyembamba. Dume mchanga bado hana uvimbe huo, kwa hiyo usimbatize jina mapema.

Jike huburuta kifuko cha mayai nyuma ya tumbo. Mtaalamu wa wadudu Mfaransa, Jean-Henri Fabre, alimpokonya mmoja kifuko chake, akampa kitufe cha kizibo. Mama akakipokea, akaondoka nacho! Watoto halisi wakitoka, humpanda mgongoni kwa makumi na kukaa huko siku kadhaa.

Unataka kumfuga? Chombo chenye kifuniko cha matundu, udongo wenye unyevu kidogo, maji kwenye kifuniko cha chupa, nyenje mdogo mara moja moja. Akikaribia kujivua gamba, ondoa nyenje aliyebaki: ngozi mpya ni laini, naye anaweza kuliwa yeye. Wawili chombo kimoja? Kesho utamkuta mmoja, amenenepa.