Taka, Teknolojia na Jamii katika Sanaa ya Cyrus Kabiru

Makala haya yanachunguza namna Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984 na kujifunza sanaa bila kupitia chuoni, anavyotumia vifaa vilivyotupwa kueleza uhusiano wa teknolojia, jamii na mazingira. Kazi zake za aina mbili zinachambuliwa. Ya kwanza ni C-Stunners, miwani anayoiunda kwa nyaya, vizibo vya chupa na vipuri vya vifaa vya umeme. Miwani hiyo aghalabu haimsaidii mvaaji kuona. Humziba macho, naye akawa mtazamwa badala ya mtazamaji. Ya pili inatokana na baiskeli za Black Mamba, zilizobeba watu na mizigo kabla ya pikipiki kuchukua nafasi yake. Makala yanabainisha kuwa kumwita Kabiru msanii wa urejelezaji taka tu ni kupunguza uzito wa kazi zake. Kila kipande hubaki na alama za matumizi ya awali, hivyo taka huwa kumbukumbu ya maisha yaliyopishwa na teknolojia mpya. Kwa msingi huo, suala la taka katika sanaa yake halitenganishwi na historia ya watu waliozitumia.