Kwa nini uzani hurejea baada ya upasuaji wa tumbo

WATU wengi wanaofanyiwa upasuaji ili kupunguza unene wa kupindukia huondoka hospitalini wakiamini kuwa vita vyao na chakula vimekwisha. Hata hivyo, daktari hupunguza tumbo tu. Mazoea ya kula yaliyojengeka kwa miaka mingi hayafikiwi na kisu chake.

Upasuaji huu hufanywa hasa kwa njia mbili. Katika ya kwanza, takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo huondolewa, na sehemu inayobaki huwa na umbo jembamba la ndizi. Njia ya pili ilianzishwa mnamo 1966 na Dkt Edward Mason na mwenzake, Chikashi Ito, katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Hapa daktari huunda kifuko kidogo kuliko yai la kuku na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo.

Miezi ya kwanza huwa ya neema. Grelini, homoni inayoamsha njaa ambayo wanasayansi wa Japani waliigundua mwaka wa 1999, hutolewa kwa wingi na sehemu ile ile ya tumbo inayokatwa katika njia ya kwanza. Mgonjwa hushiba kwa vijiko vichache, nguo zinampwaya na majirani wanamsifu. Ni kipindi kinachowalaghai wengi, kwa kuwa njaa hurudi baadaye na kuwakuta hawajajifunza lolote.

Utafiti ulioanza nchini Uswidi mnamo 1987 ulidhihirisha hali hiyo. Kulingana na matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2007, waliofanyiwa upasuaji kwa njia ya pili walipungua kwa wastani wa asilimia 32 ya uzani wao katika mwaka mmoja hadi miwili. Baada ya miaka 10, kiwango hicho kilikuwa asilimia 25. Bado ni faida kubwa, lakini sehemu yake ilikuwa imepotea.

Tumbo dogo haliwezi kupokea sahani nzima ya ugali na nyama, lakini aiskrimu, soda na chokoleti huteleza bila kizuizi. Anayedonoa kidogo kidogo kutwa nzima hushinda upasuaji wake bila kujua. Mara nyingi kinachomwita si njaa bali hasira, upweke au uchovu wa kazi.

Hapa ndipo mafunzo ya kula kwa uzingativu huingia. Chimbuko lake ni mbinu za kutuliza akili ambazo Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha Massachusetts, Marekani, mwaka wa 1979. Mwanafunzi hupewa zabibu kavu moja. Huitazama, huinusa, kisha huitafuna polepole akifuatilia ladha yake. Zoezi hilo huonekana la kitoto hadi mtu atambue kwamba kwa miaka mingi amekuwa akimeza chakula bila kukionja.

Kwa aliyepasuliwa, uzingativu una manufaa ya moja kwa moja. Huzima televisheni, hutafuna hadi chakula kilainike, huweka kijiko chini kila baada ya tonge na kutumia takriban dakika 20 hadi 30 kwa mlo. Hanywi maji akila. Kabla ya kuongeza, hujiuliza iwapo tumbo lingali linadai au ni moyo tu. Anayekula haraka huweza kutapika au kupata maumivu kifuani, na sukari nyingi huweza kumletea jasho, mapigo ya moyo ya kasi na kuhara.

Ugumu zaidi uko nje ya tumbo. Katika jamii nyingi za Kenya, mgeni anayeacha chakula humvunjia heshima mwenyeji, kwa hivyo ni busara kuwaeleza jamaa mapema kuliko kujilazimisha.

Mafunzo haya yameonyesha manufaa zaidi katika kupunguza kula kupita kiasi kwa ghafla na kula kwa sababu ya hisia. Ushahidi kwamba yenyewe hupunguza uzani ni hafifu, na hayachukui nafasi ya protini, vitamini za kila siku wala kliniki.

Wanaohudumia wagonjwa hawa huulizia pombe pia. Baada ya upasuaji kwa njia ya pili, pombe huingia damuni kwa kasi zaidi, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2012 ulionyesha kuwa matatizo ya ulevi yaliongezeka katika mwaka wa pili.