Shujaa Asiye na Wapagazi: Usawiri wa Wahusika wa Njia ya Tabora katika Katuni na Michezo ya Kompyuta

Kisa kinapohamishwa kutoka chombo kimoja cha sanaa kwenda kingine, wahusika wake hawahami wote kwa pamoja. Wengine huongezewa uso na sauti, wengine hupunguzwa hadi kuwa vivuli, na wengine huachwa njiani. Uhakiki wa katuni zinazoandamana na michezo ya kompyuta aghalabu hulitazama jambo hili kwa upande wa faida: katuni imemwongezea nini mhusika ambaye mchezoni alikuwa umbo dogo linalokimbia na kuruka? Makala haya yanalitazama kwa upande wa hasara. Kisa kinachochunguzwa kimepita katika vyombo vyote viwili, nacho ni safari ya Henry Morton Stanley ya kumtafuta David Livingstone, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, katika mwaka 1871. Hapa katuni haikuzaliwa na mchezo, wala mchezo haukuzaliwa na katuni. Vyote vinarejea katika masimulizi ya Stanley mwenyewe, How I Found Livingstone (1872), na kwa hiyo vinaweza kulinganishwa bila kimoja kufanywa kipimo cha kingine.

Ili kuona kilichopotea, ni lazima kwanza kujua kilichokuwapo. Msafara wa karne ya 19 katika njia ya kati haukuwa mtu mmoja mwenye kofia akifuatwa na umati. Ulikuwa taasisi ya kazi yenye vyeo, ujira na sheria zake. Mbele alitangulia kirangozi. Nyuma yake walifuata wapagazi, kila mmoja na mzigo uliokaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei. Kisha askari, wapishi na wanawake. Mizigo yenyewe ndiyo iliyokuwa fedha: majora ya merikani na kaniki, shanga za rangi mbalimbali, na nyaya za shaba. Kutokana nayo watu walinunuliwa posho, na watawala wa Ugogo walilipwa hongo ili njia ifunguliwe. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu kazi ya upagazi, ameonesha kwamba wapagazi, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye ujuzi na heshima ya kazi yao. Walijadiliana malipo, waligoma, na walipodhulumiwa walitoroka. Stanley anahesabu watu 192, waliogawanywa katika misafara mitano, walioondoka pwani kwa ajili yake.

Uzito wa jambo hili hauonekani vizuri popote kuliko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ambako tembe lililowahifadhi wasafiri hao sasa ni makumbusho. Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871, akajiingiza katika vita vya Waarabu wa Tabora dhidi ya Mirambo, akashindwa pamoja nao, na mwezi Septemba akalazimika kuzunguka kusini ili aifikie Ujiji. Baada ya kukutana, yeye na Livingstone walirudi Kwihara mwezi Februari 1872. Stanley akaenda zake pwani katikati ya Machi. Livingstone akabaki, na akabaki hapo hadi tarehe 25 Agosti. Hakuwa amekosa nguo, wala shanga, wala dawa, kwa maana Stanley alimwachia shehena ya kutosha. Alikuwa akiwasubiri watu 57 walioajiriwa Unguja kumbebea. Zaidi ya miezi mitano mpelelezi aliyekuwa na kila kitu hakwenda popote, kwa sababu hakuwa na migongo ya watu. Huu ndio ukweli wa kimuundo wa kisa hiki, na ndio ambao vyombo vya baadaye vimeona taabu kuubeba.

Upunguzaji ulianza mapema, tena kwa mkono wa Stanley. Mwaka 1873 alichapisha riwaya ya vijana iitwayo My Kalulu, ambayo leo ingeitwa bila shida bidhaa-mwandani ya kitabu kilichotangulia. Kalulu halisi alikuwa mtoto mtumwa ambaye Stanley alipewa zawadi huko Kwihara mwaka 1871, akamwondolea jina lake la Ndugu M'hali na kumpa hilo jipya. Katika riwaya, mtoto huyo amekuwa mwana wa mfalme. Mtu anaweza kusema kwamba amekwezwa. Lakini kukwezwa huko kumefuta jambo lile lile lililomleta mikononi mwa mwandishi, yaani kwamba alitolewa kama kitu. Kalulu wa kweli alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877, akiwa bado safarini na Stanley.  Kanuni inayojitokeza hapa ni ya kuangaliwa kila mara wahakiki wanapoisifu kazi-mwandani kwa kumpa mhusika mdogo nafasi kubwa: nafasi inaweza kupanuliwa huku hali halisi ikifichwa.

Katika katuni, mfano ulio bora ni Stanley, kazi ya mchoraji Victor Hubinon na mwandishi Octave Joly, iliyotoka katika jarida la Spirou la Ubelgiji katika miaka ya 1950. Wasomaji wa kwanza walikuwa watoto wa nchi iliyokuwa ikiitawala Kongo, na shujaa wa katuni hiyo ndiye aliyemsaidia Mfalme Leopold wa Pili kuipata. Hilo haliwezi kuwekwa kando. Hata hivyo kuna jambo la kiufundi linalostahili kusemwa. Hubinon, aliyejulikana zaidi kwa mfululizo wa marubani wa Buck Danny, alikuwa mchoraji wa uhalisia. Scott McCloud (1993) anaeleza kwamba uso uliorahisishwa humkaribisha msomaji kujiweka ndani yake, ilhali uso wenye alama nyingi hubaki uso wa mtu mwingine, wa kutazamwa. Katika mtindo wa Hubinon shujaa na mpagazi huchorwa kwa kalamu ile ile. Mchoraji wa uhalisia hawezi kuchora msafara bila kuchora mizigo, wala mzigo bila kichwa au bega chini yake. Wapagazi katika utanzu huu wanaweza kunyimwa majina na vipovu vya maneno, lakini hawawezi kunyimwa miili. Wamo ndani ya fremu, na msomaji anayetaka kuwahesabu anaweza.

Katika michezo ya kompyuta hata miili hiyo imetoweka. Livingstone, Supongo, mchezo wa kampuni ya Opera Soft ya Hispania uliotoka katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, unampa mchezaji Stanley mmoja, peke yake, mwenye bumerangi, kisu, guruneti na upondo wa kurukia. Bumerangi si silaha ya Unyamwezi wala ya pwani. Imetoka Australia, na imeingia mchezoni kwa sababu inarudi mkononi, jambo linalompendeza mchezaji. Mwafrika anaonekana, lakini kama kizuizi, katika daraja moja na wanyama wanaomshambulia shujaa. Miaka michache baadaye, mwaka 1992, ulitoka mchezo wa Nintendo uitwao Stanley: The Search for Dr. Livingston, ambao hata jina la anayetafutwa umelipunguza herufi. Humo pia shujaa ni mmoja.

Jambo la kuvutia katika mchezo wa Kihispania ni kwamba njaa na kiu zimo. Stanley lazima ale na anywe, la sivyo hufa. Yaani watunzi walitambua kwamba safari ni suala la posho, wakaligeuza kuwa kanuni ya mchezo, kisha wakalifungia katika mwili wa mtu mmoja. Katika msafara halisi njaa ilikuwa siasa: ya watu wengi, ya kugawana, ya kulalamikia, na ya kutorokea. Mchezoni imekuwa kipimo kinachopungua pembeni mwa skrini.

Utetezi wa kawaida ni kwamba kompyuta za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo. ZX Spectrum, mojawapo ya mashine zilizouchezesha mchezo huo, ilijulikana zaidi kwa toleo lake la kilobaiti 48. Utetezi huu una ukweli, lakini haufiki mbali. Heart of Africa, mchezo wa Ozark Softscape wa mwaka 1985, uliendeshwa katika Commodore 64 yenye kilobaiti 64. Humo mchezaji huzunguka katika ramani ya bara zima, hununua mahitaji, na huwapa wakuu wa vijiji zawadi ili apewe habari za njia. Hiyo ni jirani ya hongo, ingawa bila jina lake. Kwa hiyo mashine ndogo ingeweza kubeba uhusiano wa kijamii, mradi mtunzi aone kwamba uhusiano huo ndio mchezo wenyewe. Na bado, hata humo, msafiri hana mpagazi.

Henry Jenkins (2004) amependekeza kwamba mchezo wa kompyuta husimulia kwa kupanga mahali kuliko kwa kupanga matukio. Hoja hiyo inaeleza vizuri kwa nini njia ya Tabora inawafaa watunzi wa michezo: ina mwanzo, vituo na mwisho. Lakini njia si mahali tu. Njia ya kati ilikuwapo kwa sababu watu waliikanyaga mwaka baada ya mwaka kwa ujira, na vituo vyake vilikuwapo kwa sababu watu hao walihitaji chakula na kibarua. Mchezo unaochukua njia na kuwaacha waliyoitengeneza haujarahisisha mahali hapo; umepabadilisha.

Anayepotea zaidi ni Sidi Mubarak Bombay. Alizaliwa Myao, akauzwa utumwani India, akarudi. Aliwaongoza Burton na Speke kupitia Tabora katika miaka ya 1857–1859, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron aliyevuka bara hadi Atlantiki mwaka 1875. Kwa lugha ya katuni, huyu ni mhusika wa mfululizo: mashujaa hubadilika, yeye yumo kila toleo. Stanley alimfanya nahodha wa askari wake, na kitabuni akamsawiri kwa dharau, kama mzembe na mbishi. Dharau hiyo angalau inakiri kwamba Bombay alikuwa na nia yake mwenyewe iliyokinzana na ya bwana. Katika michezo miwili iliyotajwa juu, mchezaji hakinzani na mtu wa upande wake, kwa kuwa upande wake hauna mtu mwingine.

Michezo yote miwili inamtafuta Livingstone, na hapo alipo ndipo unapopatikana ushindi. Kisa cha njia hii hakikuishia hapo. Livingstone alifariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, na wapagazi wakiongozwa na Susi na Chuma wakaukausha mwili wake na kuubeba kurudi pwani. Oktoba ya mwaka huo walifika Kwihara, wakamkuta Cameron akielekea bara. Aliwashauri wauzike mwili hapo hapo. Walikataa. Mbele kidogo, huko Kasekera, walipohofia kwamba wenyeji wangezuia maiti isipite, walifunga furushi la uongo na kuwatuma wenzao warudi nalo Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama robota la kawaida la nguo, wakaubeba katikati ya mizigo mingine, na mwezi Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo.