Usaili kwa Kiingereza, Kazi kwa Kiswahili

Miezi michache iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa wasaili watatu katika taasisi moja hapa Eldoret, iliyokuwa ikitafuta makarani wawili wa mapokezi. Kazi yenyewe haikuwa ya ajabu: kumlaki mgeni, kumsikiliza, kukagua stakabadhi zake, kisha kumwelekeza kwenye ofisi inayomfaa. Niliukubali mwaliko bila kusita, kwani nimefundisha isimu kwa miaka mingi na nilidhani ninajua kupima uwezo wa kijana katika lugha. Jioni nilirudi nyumbani na aibu ambayo haijanitoka hadi leo, na ndiyo inayonisukuma kuandika makala haya.

Kabla ya kuwaita waombaji tulipewa bunda la barua zao. Nilisoma ya kwanza, nikaridhika. Nilisoma ya pili, nikashtuka kidogo. Nilipofika ya kumi nilihisi kwamba nimeisoma barua moja mara kumi. Zote ziliandikwa kwa Kiingereza kisicho na doa. Kila mwombaji alijisifu kuwa mwenye ari na bidii, anayeweza kufanya kazi peke yake na pia pamoja na wenzake. Barua hizo zilitungwa na programu za akili unde, ambazo siku hizi kijana huzipata kwenye simu yake. Siwalaumu. Sisi wa kizazi kilichotangulia tulinakili barua za jamaa waliokwisha kuajiriwa, tukabadilisha jina na tarehe, tukazipeleka saiba kupigwa chapa. Tofauti ni kwamba makosa yetu yalimwonyesha msomaji kwamba nyuma ya barua kulikuwa na mtu.

Mnamo saa nne nilitoka nje kunyoosha miguu. Ukumbini, mahali waombaji walipokuwa wakisubiri zamu zao, alikuwa ameingia mzee mmoja mwenye gambuti zilizojaa matope, na mkononi ameshika bahasha iliyochakaa. Alisimama akiangaza huku na huku. Vijana wengi walikuwa wameinamia simu zao wakikariri majibu. Msichana mmoja aliinuka.

"Karibu, mzee. Unatafuta ofisi gani?"

"Nisaidie, mama. Nimezungushwa tangu juzi."

Alimpisha kwenye kiti chake, akazipokea karatasi na kuzisoma moja baada ya nyingine. Alimuuliza maswali kwa Kiswahili. Mzee alipokwama, msichana alimfuata hadi kwenye Kinandi, kisha akarudi naye katika Kiswahili bila kumtia haya. Hatimaye alimwambia: "Mzee, ofisi si tatizo. Jina lililo kwenye barua ya chifu lina herufi moja zaidi ya lile la kitambulisho. Rudi kwa chifu kwanza ailinganishe, usije ukalipa nauli mara mbili bure." Mzee akamshukuru, akaenda zake. Yote hayo yalichukua muda usiozidi dakika tano.

Punde si punde msichana huyo akaitwa chumbani. Mwenzangu alimuuliza kwa Kiingereza anajiona wapi miaka mitano ijayo. Alianza sentensi, akaiacha, akaanza nyingine. Aliulizwa udhaifu wake mkubwa ni upi, akatazama dari. Mimi, daktari wa isimu, niliyekuwa nimemwona kwa macho yangu akiifanya kazi tuliyokuwa tukiitafutia mtu, nilichukua kalamu nikampa alama nne kwa kumi. Fomu haikuwa na safu ya niliyoyaona ukumbini, nami sikuthubutu kuiongeza. Kazi walipewa wengine wawili ambao Kiingereza chao kilitiririka.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: tulipima nini?

Swali hili si la taasisi moja. Hali ya kazi hapa imebadilika, ilhali vipimo vyetu vimebaki vile vile. Wazee wa Eldoret wanakumbuka enzi ambapo viwanda vya nguo vilikuwa tegemeo la vijana wengi. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa katika miaka ya 1970, kikaanguka miongo miwili hivi baadaye, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya kikiwa na mitambo ya kisasa mwaka 2019. Aliyetafuta kazi kwenye mitambo alipimwa kwa mikono yake. Leo Eldoret, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Agosti 2024, ni mahali pa hospitali ya rufaa, vyuo, benki, vyama vya akiba na mikopo, ofisi za kaunti na maduka ya pembejeo. Kijana anayetoka chuoni hupata riziki yake akizungumza na watu. Chombo chake cha kazi ni lugha, kama vile nyundo ilivyo chombo cha seremala.

Lakini ni lugha ipi? Mgonjwa anayeletwa kutoka Turkana, mkulima wa mahindi kutoka Moiben anayeulizia mkopo, mama kutoka Bungoma anayemfuatilia mwanawe chuoni: watu hawa wakikutana na karani aliyezaliwa Kisii au Nyeri, huelewana kwa Kiswahili. Kiingereza hungoja kwenye faili. Isitoshe, tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima lenye kutahiniwa. Kwa hiyo karibu kila anayeomba kazi hapa nchini ana gredi ya Kiswahili kwenye cheti chake. Ni waajiri wangapi waliowahi kuitazama?

Kuna watakaosema kwamba Kiingereza ndicho kipimo cha elimu na kwamba ulimwengu haungojei wanaojivuta. Naelewa hoja yao. Mhasibu atakayeandika ripoti kwa Kiingereza sharti apimwe kwa Kiingereza, na kijana anayekidharau anajifungia milango mwenyewe. Lakini karani wa mapokezi anayekijua Kiingereza cha kutosha kusoma faili, na anayejua kumtuliza mzee aliyechoka, ana elimu kamili ya kazi yake. Kumpima kwa ufasaha atakaouhitaji mara moja kwa mwezi, na kuupuuza ule anaouhitaji kila saa, ni sawa na kumpima mpishi kwa mwandiko wake.

Sheria nayo haiko kimya. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria ya Ajira ya 2007 inaitaja lugha miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mfanyakazi au hata mwombaji kazi, isipokuwa pale ambapo sifa inayodaiwa inatokana na mahitaji ya kazi yenyewe. Aidha, sheria hiyo inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba ameelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Waliotunga sheria hii walitambua kwamba mtu anaweza kudhulumiwa kwa lugha kama anavyoweza kudhulumiwa kwa mshahara.

Nina machache ya kuwaambia waajiri. Kwanza, kabla ya kutangaza nafasi, mkae na mfanyakazi aliyeko mwandike mambo anayoyafanya kwa siku moja, na kando ya kila jambo mwandike lugha anayoitumia. Orodha hiyo iwe ndiyo fomu ya usaili. Pili, mpimeni mtu kwa kipande cha kazi. Mpeni stakabadhi zenye kasoro na mgeni mwenye hasira, kisha mtazame. Barua nzuri sasa yaweza kutungwa na simu, na majibu ya usaili yaweza kukaririwa, subira haikaririki. Tatu, acheni kudai tajiriba ya miaka mitano kwa kazi ambayo kijana hodari angejifunza kwa muda mfupi. Msiwatume vijana kutafuta vyeti vya ada vya kuthibitisha kwamba hawana deni wala doa kabla ya kuwapa kazi; marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yanataka vyeti hivyo viombwe pale tu mwajiri anapokusudia kumwandikia mwombaji mkataba.

Nanyi vijana mnaotafuta kazi, nisikilizeni. Msikubali kujisifu kwa maneno ambayo hata jirani yako angejisifu nayo. Andika jambo moja ulilolifanya: mahali, wakati, shida iliyokuwapo na jinsi ulivyoitatua. Ikiwa ulimsaidia shangazi yako kuweka hesabu za kioski mpaka akajua wadeni wake, hilo lina uzito kuliko kurasa mbili za "ari" na "bidii". Programu yaweza kukusahihishia tahajia, lakini haikuwapo kioskini.

Halafu, kwenye wasifukazi wako usiandike tu "Lugha: Kiingereza, Kiswahili". Eleza unachoweza kufanya kwa kila lugha. "Ninaweza kuandika kumbukumbu za mkutano kwa Kiingereza, ninaweza kumweleza mteja masharti ya mkopo kwa Kiswahili, ninaweza kumsikiliza mzee kwa Kinandi." Nimeona vijana wengi wakiificha lugha ya mama kana kwamba ni kosa la jinai. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui linahusu vibarua vya muda. Mfanyakazi aliyetumikia kwa zaidi ya wiki nne mfululizo anastahili, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira, kupewa cheti cha utumishi anapoondoka. Usiondoke bila hicho cheti, hata kama kazi ilikuwa ya kupanga magunia ghalani. Vyeti vitatu vya namna hiyo ni jibu la heshima kwa mwajiri anayeuliza tajiriba yako iko wapi.

Ama kwa walimu wenzangu, sisi hatuna pa kujifichia. Katika insha za kiuamilifu tunafundisha barua ya kuomba kazi kwa kuhesabu anwani, tarehe, mtajo na sahihi. Mwanafunzi akivipanga vyote mahali pake tunamtunuku alama, ingawa mwili wa barua hausemi lolote kumhusu. Tumewafundisha kuandika kama mashine, sasa mashine imekuja na kuwashinda. Ningependekeza zoezi jingine: kila mwanafunzi alete shida moja aliyoitatua nyumbani au kijijini, aieleze kwa aya moja, na darasa limuulize maswali mpaka aya hiyo isiweze kuwa ya mtu mwingine yeyote. Umbo la barua litafuata.

Wiki mbili baada ya usaili ule niliingia katika duka moja la pembejeo kununua mbegu. Nyuma ya kaunta alikuwa msichana yule yule, akimweleza mkulima tofauti ya mbolea ya kupandia na ile ya kukuzia. Alinitambua. Nilingoja mteja aondoke, kisha nikamwambia kwamba nilimwona na yule mzee ukumbini, na kwamba ningepaswa kuyasema yale mbele ya wenzangu. Nilimwomba radhi.

Alitabasamu kwa adabu. "Daktari, sikujua kwamba yule mzee alikuwa sehemu ya usaili."

Nikamjibu kwamba hata mimi sikujua, na ndilo kosa langu. Kisha nikamwomba karatasi, nikamwandikia hapo hapo kwenye kaunta barua ya kumpendekeza. Sikuandika neno "ari" wala "bidii". Niliandika habari za bahasha, za herufi moja iliyozidi, na za nauli ambayo mzee hakuilipa mara mbili. Niliiandika kwa Kiswahili, nikatia sahihi na cheo changu. Mwajiri atakayeipokea asishangae. Hiyo ni lugha rasmi ya Jamhuri, na ndiyo aliyoitumia msichana huyo kuifanya kazi.